Kikwembe cha Siku Moja

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Lubumbashi husikika neno moja kila mwisho wa mwezi: mshahara umekwisha, wala hatujui umekwenda wapi. Fundi husema hivyo, karani husema hivyo. Mwalimu naye, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto hesabu, husema hivyo kwa sauti ndogo zaidi. Wengi hujibu upesi kwamba mshahara ni haba. Hilo ni kweli, wala hatuandiki hapa ili kuwafundisha maskini kuridhika na umaskini wao. Mwenye watoto sita na mshahara wa mwalimu hahitaji mhubiri wa kumwambia ale kidogo. Yeye hula kidogo tayari. Tunataka kunena jambo jingine. Ziko fedha ambazo hazitoki nyumbani kwa njia ya tumbo, wala kwa njia ya ugonjwa, wala kwa njia ya masomo ya watoto. Hutoka kwa njia ya macho ya watu.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Basi sisi na mama wa watoto tulinunua daftari la kurasa mia moja, la namna ileile wanafunzi wetu wa mwaka wa sita wanayoandikia masomo yao, tukapatana kwamba hakuna franka itakayotoka mlangoni bila kuandikwa. Kwa muda wa miezi 12 tuliandika unga, makala, sabuni, mafuta, dawa, nauli, na zile pesa za simu zinazokwenda kidogo-kidogo kama maji katika mtungi wenye ufa. Shule za msingi za serikali hazidai malipo ya kila mwezi tangu mwaka 2019, lakini mtoto bado ahitaji sare, viatu na madaftari, na wakubwa wa sekondari bado hulipa. Hayo nayo tuliandika. Siku nyingine mama wa watoto aliandika tu "vitu vidogo-vidogo", nasi tukamwuliza kwa kicheko vitu hivyo vilibatizwa majina gani.

Juu ya unga hatukuwa na mengi ya kusema. Mji wetu hula mahindi mengi yatokayo Zambia. Mwaka 2024 ukame uliharibu mavuno ya nchi ile hata serikali yake ikatangaza msiba wa taifa. Nyumba inayongojea mahindi ya nchi jirani haiwezi kujipangia bei ya bukari. Inaweza tu kuangalia kwamba bukari iliyopikwa imeliwa. Kiporo kinachochomwa asubuhi juu ya makaa, watoto wetu hukigombania kuliko mkate.

Makala ndiyo yaliyotufundisha zaidi. Mji huu umezungukwa na msitu wa miombo, au kwa haki tuseme ulizungukwa, kwa maana mchomaji wa makala huenda mbali zaidi kila mwaka na baiskeli yake, naye hurudi akiisukuma kwa mkono, magunia yakiwa yamepita kichwa chake. Katika tanuru ya udongo, kama watu wetu wanavyoijenga, kilo moja ya makala hula kilo sita, nane, hata kumi za kuni. Kwa hiyo moto unaobaki kuwaka bure katika mbabula, chakula kikiisha kuiva, ni mti uliokatwa bure, na jasho la yule mwenye baiskeli limemwagika bure. Maharage yaliyolala majini usiku kucha huiva upesi kuliko yale yanayotiwa motoni makavu. Sufuria yenye kifuniko huchemka mbele ya ile iliyo wazi. Makaa yanayobaki hutiwa katika chungu kikuukuu na kufunikwa vema. Hayo yatawaka tena jioni. Mambo haya kila bibi ayajua, lakini kuyajua ni kitu kimoja, na kuyafanya kila siku ni kitu kingine.

Tena kiko kikapu. Mama wa watoto alichukua kikapu kipana, akakijaza vipande vya nguo zilizochakaa, akafanya kama kiota cha kuku. Maharage yakiisha kutokota vizuri kwa nusu saa, sufuria huingia katika kiota pamoja na kifuniko chake, mto huwekwa juu, nayo huendelea kuiva bila moto mpaka saa ya chakula. Jirani mmoja alipokiona mara ya kwanza alituuliza kama maharage yetu yameshikwa na homa. Siku hizi anacho chake. Kwetu gunia la makala lililokuwa likiisha kwa siku 20 lilidumu siku 27. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, hakuona aibu kutaja jambo dogo kama hili la kupika kile tu kitakacholiwa. Basi mwalimu asione aibu kuandika habari za sufuria.

Lakini tusijidanganye. Uwekevu wa jikoni, hata ukiwa mwema, huokoa kidogo mahali ambapo fedha zenyewe ni kidogo. Tulipofika ukurasa wa mwisho wa daftari na kujumlisha, tulikuta mfereji mwingine, mpana kuliko ule wa makala.

Katika miezi ile 12 nyumba yetu iliitwa mara 23: ndoa 6, matanga 9, komunio ya kwanza 5, na sherehe 3 za vijana waliofaulu mtihani wa taifa. Kuitwa ni heshima, na mtu asiyeitwa popote ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini katika miito ile 23, mara 11 ilikuja pamoja na kikwembe. Wasomaji wanaijua desturi hii. Jamaa huchagua kitenge cha namna moja, mama mmoja hupewa kazi ya kukusanya fedha, na kila mtu wa ukoo, kila rafiki, kila jirani mwenye kujiheshimu, hununua yadi zake na kumpelekea mshonaji kwa haraka, maana siku zimebaki nne. Asiye na fedha hukopa. Siku hiyo ukumbi au uwanja hupendeza kweli, wote wamekuwa kama shamba moja la maua. Kesho yake nguo huwekwa sandukuni. Haiwezi kuvaliwa kwenye ndoa inayofuata, kwa kuwa ndoa ile ina kitenge chake. Haiwezi kuvaliwa sokoni, kwa kuwa watu watasema fulani hana nguo ila zile za sherehe. Vikwembe 11, pamoja na ujira wa mshonaji, vilikula mshahara wetu wa mwezi mmoja na nusu. Mshahara ule haukuliwa na mtu. Unalala sandukuni, umekunjwa vizuri, na vidonge vya kufukuza mende.

Ninyi wanafunzi mnaosoma haya, msicheke wazazi wenu. Siku ya kutangazwa kwa matokeo ni ninyi mnaomwagiana poda kichwani tangu asubuhi mpaka nguo nyeupe hazifuliki tena, na ni ninyi mnaotaka muziki wa kukodi.

Wako wanaosema kwamba desturi ya kutumia mali nyingi juu ya msiba tumeletewa na Wazungu. Sivyo. Kando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu waliochimba makaburi ya kale katika miaka 1957 na 1958 walikuta wafu wamezikwa pamoja na vyungu vingi vya kazi nzuri, na mapambo ya shaba na ya chuma. Na katika makaburi ya karne zilizofuata walikuta misalaba midogo ya shaba, ambayo ilikuwa fedha ya siku zile. Wazee wetu wa Katanga waliwapa wafu wao mali. Kitenge chenyewe ndicho mgeni: Waholanzi waliiga batiki ya Java, na kiwanda kilichoanzishwa mjini Helmond mwaka 1846 ndicho kilichopata sifa kuu kwa nguo hizo katika Afrika; leo nyingi tunazonunua ni za kuiga, zatoka China. Lakini tuangalie tofauti. Chungu cha Sanga kiliwekwa karibu na marehemu. Kikwembe chetu hakiendi kaburini. Hubaki mwilini mwa anayelia. Marehemu hapati kitu, na mjane hapati kitu. Tena mara nyingi mjane mwenyewe hudaiwa kukinunua kwanza.

Tulipoanza kuyasema haya katika jamaa, tuliogopa vijana. Upinzani haukutoka kwa vijana. Ulitoka kwa shangazi yetu, mama mwenye umri mkubwa, anayetuombea kila siku na kutukemea kila Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake chini.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma seminari, unajua kupanga maneno. Lakini je, umeona mwanamke anapofukuzwa na jamaa ya mume wake, huondoka na nini? Nyumba si yake. Viti si vyake. Hata watoto watamwambia si wake. Sanduku la vikwembe ni lake. Mimi nilipofiwa nilifungua sanduku, nikatoa vikwembe vitano, nikaviuza soko la Kenya, na mtoto akarudi masomoni. Leo ninyi wanaume mwataka kuwanyang'anya wanawake benki yao, kisha mwaita jambo hilo akiba!"

Neno hili ni zito, nasi twaomba wasomaji wanaume walipime kabla ya kuendelea. Yeyote anayesema juu ya vikwembe bila kujua kwamba ni hazina ya mama wa nyumba, asema juu ya kisima bila kujua nani anateka maji. Kikwembe hutolewa katika mahari, hutolewa kwa mama aliyejifungua, hurithiwa na binti. Mume hawezi kukinywa.

Tulimjibu kwa adabu, kama mtoto anavyomjibu shangazi yake. "Shangazi, vile vitano ulivyoviuza, vilikuwa vya namna gani?"

"Vya thamani. Vilikuwa bado havijakatwa, yadi sita-sita, na karatasi ya kiwanda juu yake."

"Na vile vya sherehe, vilivyokatwa na kushonwa kwa kipimo chako, ungeviuza kwa nani? Hiki cha matanga ya Januari, chenye picha ya marehemu mgongoni na tarehe ya kifo chake, nani sokoni atakinunua?"

Akanyamaza, kisha akaanza kucheka, akacheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Huyo marehemu," akasema, "hata akiwa hai hakuna aliyemtaka kwa fedha." Tangu siku hiyo akawa upande wetu, walakini kwa masharti yake, kama wasomaji watakavyoona.

Basi maana yetu ieleweke. Kikwembe kizima, kilichonunuliwa kwa kuchagua, cha kukaa, ni mali. Kikwembe cha siku moja kilichonunuliwa kwa hofu ni ushuru. Na ushuru huu una tabia mbaya: mtu mmoja peke yake hawezi kuukataa. Makala unaweza kuyapunguza na mlango umefungwa. Lakini ukikataa sare ya msiba, huonekani mwekevu. Unaonekana umemkataa marehemu. Ndiyo maana mashauri ya kila mtu na nyumba yake, tunayoyasoma mara nyingi magazetini, hayafiki mbali. Kinacholetwa na watu wote hupunguzwa na watu wote.

Kwa hiyo tulilipeleka jambo hili kwa nyumba 14 za barabara yetu, zinazokutana kila juma kusali na kusaidiana. Mazungumzo hayakuwa ya amani. Baba mmoja alisema tunataka kuua furaha ya watu. Mwingine alisema vizuri, wanawake wamezidi. Hapo mama mmoja, muuza mboga za lenga-lenga, alisimama na kuuliza kwa upole: "Na makreti ya bia yanayoletwa matangani kwa mkopo, hayo huvaliwa na nani?" Kikao kizima kilicheka, ila wanaume walicheka kwa kuchelewa. Alikuwa na haki. Tukapatana yote mawili pamoja: kwa matanga ya barabara yetu hakuna sare ya kitenge, na hakuna bia ya mkopo. Kila nyumba itavaa nguo safi iliyo nayo. Nusu ya fedha ambazo ingetoa zitapewa mfiwa mkononi, na zitaandikwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke. Nusu nyingine itabaki nyumbani.

Katika Machi alifariki seremala wa barabara yetu, akamwacha mkewe na watoto wanne. Watu walilala nje siku tatu kama desturi inavyotaka. Waliimba, walipika bukari na sombe na samaki, walilia. Vikwembe vilikuwa vya kila rangi. Mgeni mmoja kutoka Likasi aliuliza kwa sauti ndogo kama hapa watu hawana umoja. Siku ya kuondoa matanga mjane alipewa bahasha mbele ya ndugu wa mume wake, na hesabu ikasomwa, ili pasiwe na mtu wa kuikopa njiani. Zilitosha kulipa kodi ya nyumba ya miezi miwili na masomo ya watoto wawili wa sekondari mpaka mwisho wa muhula. Ndugu zangu, sare nzuri kuliko zote haijapata kufanya hivyo.

Tusiandike kama kwamba yote yalishinda. Mwezi wa Juni kulikuwa na ndoa ya kijana wetu mmoja, na jamaa ya bibi arusi, watu wa mtaa mwingine, hawakutaka kusikia mapatano yetu. Kitenge kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa. Nyumba tisa kati ya 14 zilinunua, na hatuwalaumu, kwa kuwa mzazi wa kijana hawezi kuanza undugu kwa ugomvi. Nyumba yetu ilikuwa katika zile tano zisizonunua. Tulipofika tulipelekwa viti vya nyuma, karibu na mahali wanapooshea sahani. Mama mmoja asiyetujua alimtazama mama wa watoto, na kikwembe chake cha mwaka wa jana, akamwuliza kwa huruma kama mume wake hajalipwa mwezi huu.

"Amelipwa," akajibu, "na mshahara ungali nyumbani."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini njiani, wakati wa kurudi, hakusema neno mpaka tulipofika mlangoni. Mtu asifikiri kwamba kiti cha nyuma hakiumi. Binti yetu wa miaka 13 alisema wazi kwamba hataki tena kwenda nasi kwenye ndoa yoyote, na kwa miezi miwili alishika neno lake.

Labda ni kwa ajili ya binti huyo shangazi alikuja kwetu mwezi wa Agosti na shauri. Alisema kwamba sisi walimu tunafikiri watu hununua sare kwa kiburi tu. Wako wenye kiburi, ndiyo. Lakini wengi hutaka kitu kimoja: jamaa ikitokea barabarani, ionekane kwamba ni jamaa. Mwenye kulia ataka kugeuka na kuona watu walio wake. "Mkiwaondolea kitu hicho bila kuwapa kingine," akasema, "watarudia vitenge kabla ya Krismasi."

Akanunua yeye mwenyewe, kwa fedha zilizobaki za mchango, jora la pamba ya buluu isiyo na maua, akalikata vitambaa 40 vya kichwa, akapinda ncha zake kwa cherehani yake ya zamani. Wanaume hufunga chao mkononi. Vitambaa hivi si vya mtu. Hukaa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi, na pakiwa na msiba hutoka, kila kimoja kwa jina la aliyekichukua, na baada ya matanga hurudi vimefuliwa na kupigwa pasi. Anayekirudisha kichafu hukirudisha nyumbani kwake tena. Anayekipoteza hununua viwili.

Binti yetu ndiye mwandishi wa orodha. Hata sasa vitambaa vimekwenda misiba mitatu, na barabara ya pili imetuma watu kuomba kipimo. Katika msiba wa mwisho vilirudi 39. Shangazi anajua nani anacho cha arobaini, naye amesema atapita kwake Jumapili, baada ya misa.